Radhi Niliyoombewa

Harker, Nebraska
4 Januari 1970

Mwanangu Ardith,

Sijui kama barua hii itakufikia. Anwani nimeipata kwa binti wa mchungaji, anasema ulimtumia kadi kiangazi kilichopita. Mimi hukunitumia, lakini sikulaumu, najua ungeogopa nani angeipokea.

Baba yako alianguka mwezi wa Novemba, dukani, akiwa anapima mbegu. Daktari anasema ni kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yanatoka nusunusu, mimi peke yangu ndiye ninayeyaelewa. Duka tumelifunga. Kwenye ile kamati ya kuandika vijana jeshini amejiuzulu, maana hata kalamu haikamatiki.

Tangu siku ya mazishi ya Lyle alikataza jina lako lisitajwe mezani, na halijatajwa. Lakini sasa, kila saa nne asubuhi mtu wa posta anapopita, ananigeuzia jicho na kuniuliza, "Ipo?" Hasemi ni nini. Namjibu, "Leo haipo." Basi anageukia ukuta.

Sikuombi urudi. Nakuomba mistari mitatu. Andika kwamba mvua imenyesha, andika umekula nini. Nitamsomea.

Hapa theluji imefika kwenye madirisha. Una koti?

Mama yako,
Irma Thorsby


Ojo Seco, New Mexico
13 Januari 1970

Shoga yangu Ardith,

Usinikasirikie kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Uliposhuka mlimani Oktoba na begi lako, uliniambia barua yoyote itakayotoka kwenu niichome. Hii sikuichoma. Tena niliifungua. Unajua kwetu hapa hakuna kitu cha mtu mmoja, nguo zetu zote ziko kwenye sanduku moja, na sasa naona nimeanza kuhesabu na barua humo. Ninaileta ndani ya bahasha hii. Isome umekaa.

Mambo yetu ni yale yale. Tuko ishirini na wawili, mbuzi wanne, na paa la nyumba kubwa limeanza kumomonyoka kwa theluji. Gerald, anayejiita Mto, bado anahubiri kwamba saa na kalenda ni minyororo, lakini kengele ya chakula anaisikia kabla ya kila mtu. Sisi wanawake bado ndio tunaoosha vyombo. Nilimwambia juzi, "Mto, haya mapinduzi mbona yameishia mlangoni pa jiko?" Akasema nina hasira za ubepari. Nikamrushia sufuria.

Nimekukumbuka. Watu wanaimba usiku na wewe hupo kuwaambia wanaimba vibaya.

Mwandikie baba yako, Ardith. Mistari mitatu.

Wako,
Roslyn (hapa bado naitwa Kware)


San Francisco
25 Januari 1970

Roslyn,

Nilikuambia uchome.

Wewe hukuwepo, kwa hiyo nikueleze mara moja, tusilirudie. Lyle Brandvold alikuwa jirani yetu, mtoto pekee wa mama mjane. Alilima shamba peke yake. Aliandika ombi kwa kamati aachwe nyumbani kwa sababu mama yake hana mtu mwingine. Kamati ya watu watatu ikakataa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Lyle alikwenda Vietnam Septemba na akarudi Machi ndani ya sanduku. Siku ya mazishi, tunakula kwenye ukumbi chini ya kanisa, baba alimshika Mama Lyle mkono akamwambia, "Mungu alimhitaji." Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mungu hakutia saini. Wewe ndiye uliyetia." Akanipiga kofi. Akaniambia nitoke, nikatoka na gauni nililovaa.

Nikiandika mstari mmoja, hata wa mvua, ataona nimerudi na mkia katikati ya miguu. Aanze yeye. Aseme alikosea. Akisema hivyo, nitatembea kwa miguu mpaka Nebraska.

Mimi hapa niko na wenzangu, kila asubuhi tunasimama Oakland kwenye lango la jeshi tukiwapa vijana karatasi wanaposhuka kwenye mabasi. Wiki ijayo tutakaa chini mbele ya mabasi yenyewe. Ninyi endeleeni kupanda maboga.

Mama ananitia uchungu. Nasikia sauti yake kwenye ile "Una koti?" Sina koti, lakini usimwambie. Usimwambie chochote.

Ardith


Ojo Seco
4 Februari 1970

Ardith,

Leo nimefanya jambo, na nakuandikia kabla wino haujakauka ili usije ukasema nilikuficha.

Nimemwandikia mama yako kwa jina lako. Nimetumia ile taipu tunayopigia matangazo yetu, ili asione mwandiko. Sikusema lolote la ugomvi. Nimeandika mvua, nimeandika chakula, kama alivyoomba. Nilikuwa nikifikiria yule mzee akigeukia ukuta kila saa nne, na mikono ikaandika yenyewe.

Kama hutaki, niandikie neno moja tu, "Acha," nami nitaacha siku hiyo hiyo.

Roslyn


Ojo Seco
4 Februari 1970

Mama mpendwa, na Baba,

Barua imefika. Naandika kwa taipu kwa sababu wino umeganda kwa baridi.

Niko salama. Tunaishi mlimani kwenye nyumba za matofali ya udongo tuliyofyatua wenyewe. Tuko wengi na tunakula sufuria moja. Hakuna bwana wala mtumishi. Mtu akiwa na jozi mbili za viatu na mwenzake hana, moja inahama. Asubuhi tunakamua mbuzi. Kuna mbuzi mmoja mweusi, tuliuziwa na jirani yetu Don Eusebio, mzee anayetucheka tangu tufike. Alisema ni mpole. Jana mbuzi huyo aliingia kwenye mkutano wetu wa amani akampiga msemaji pembe matakoni. Don Eusebio aliposikia alikaa chini akacheka mpaka akatoa machozi, akasema mbuzi anajua siasa.

Wanawake hapa hatufungi nywele. Tunaziacha tu. Mwanzoni nilijiona kama niko uchi, sasa najihisi mwepesi.

Mkate wetu lakini unatoka mgumu kama tofali. Mama, unafanyaje wako?

Baba, nasikitika kusikia unaumwa. Natumaini unapata jua dirishani.

Ardith


Harker
15 Februari 1970

Mwanangu,

Nilisimama na bahasha mlangoni mpaka theluji ikaingia ndani. Baba yako aliona uso wangu. Hakuuliza "Ipo?" Aliniambia, "Soma."

Nilimsomea mara nne. Ile ya mbuzi alicheka. Sauti ya kicheko chake imebadilika, imekuwa kama kikohozi, lakini nilikitambua. Sijakisikia tangu mwaka wa sitini na saba.

Kuhusu mkate. Mnakaa juu milimani, kwa hiyo unga unaumuka upesi kuliko kawaida na ninyi mnafurahi mnaukimbiza kwenye oveni. Msifurahi. Ukiumuka, upige ngumi ushuke, uache uumuke tena. Punguzeni hamira, ongezeni maji kidogo. Maji yawe ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, jaribu kwa kiwiko. Na ukandwe na mtu mmoja asiye na haraka. Mkate unajua ukikandwa na mtu mwenye mawazo kwingine.

Nikuambie jambo la kuchekesha. Niliposoma pale pa nywele, baba yako alinyanyua mkono wake mzima akanyooshea kichwa changu. Nikadhani anataka kofia. Akasema, "Fungua." Miaka thelathini na mbili nimezibana nywele hizi kila asubuhi, maana mke wa mtu wa kanisa huzibana. Nilizifungua. Mchungaji alipokuja kumwombea alinikuta hivyo, akaangalia sakafu muda wote. Sikuzibana tena.

Mwanangu, jana baba yako aliniuliza swali, na niliahidi kulifikisha. Aliuliza, "Bado ana hasira?" Sikujua nimjibu nini. Wewe unijibu.

Mama yako


Ojo Seco
1 Machi 1970

Ardith,

Kimya chako kinaniua. Nimeandika mara mbili San Francisco, hakuna jibu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Niliwasomea watu barua ya mama yako ile ya mkate, wakati wa chakula cha jioni. Nilidhani watacheka. Waliweka vijiko chini, watu ishirini na wawili, kila mmoja amemkimbia mama yake. Nilipofika pale pa kiwiko, Mto akaanza kulia. Alikwenda kukanda mwenyewe, akakanda saa nzima hataki kusaidiwa. Mkate umetoka mkate. Sasa kila mtu posta ikija ananiuliza, "Mama Irma kaandika?"

Na sasa ndilo hili. Baba yako anauliza kama bado una hasira. Nimekaa na swali lake wiki nzima. Najua jibu lako, ulinipa. Lakini wewe una miaka ishirini na mitatu, wewe unaweza kungoja. Yeye hawezi.

Nimekuombea radhi. Nimeandika leo, na Don Eusebio anashuka na barua mjini kesho asubuhi. Nimebaki na nakala, hii hapa. Ukinichukia nitaelewa.

Roslyn


Ojo Seco
1 Machi 1970

Baba mpenzi,

Mama ameniuliza kama bado nina hasira.

Nilikuwa nayo. Niliibeba mpaka huku mlimani na nikailaza kando yangu kila siku. Lakini hasira haina mikono ya kumshika mtu. Naona nimeishi miaka miwili nikijua jambo moja tu juu yako, na wewe ni mtu wa mambo mengi. Namkumbuka yule aliyepiga mluzi akiingia nyumbani, nikijua kwa mluzi huo siku yake ilikuwaje. Nasikiliza mluzi huo hata huku, ambako haupo.

Nilikusema mbele ya watu, siku ambayo na wewe ulikuwa na huzuni. Naomba radhi kwa hilo. Nisamehe, Baba. Na kama unaniona bado ni binti yako, niambie.

Ardith


Harker
22 Machi 1970

Ardith,

Maneno haya ni ya baba yako. Imetuchukua siku tatu, maana anachoka. Ameniamrisha nisipambe wala nisipunguze. Nilimsomea mwisho akasema, "Ndivyo."

"Ardith. Umeomba radhi. Nimekupa. Radhi yangu ni kamili, sitaki uendelee kuibeba. Barua zako zimekuwa na upole. Sikuuzoea upole wako, lakini nimeupokea.

Sasa zamu yangu. Ombi la Lyle lilipoletwa tulikuwa watatu mezani. Mmoja alisema abaki. Mmoja alisema aende. Wakanigeukia. Ilikuwa saa saba. Nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda nyumbani kula. Nikasema tukimwachia huyu watakuja wote. Nikatia saini. Sikumfikiria dakika nzima. Nilikuwa namjua tangu anatambaa.

Nimesema siku zote kwamba ilikuwa sheria. Haikuwa sheria. Sheria ilimruhusu abaki. Ilikuwa mimi.

Uliposimama ukumbini ulisema kweli. Nilikupiga kwa sababu ulisema kweli. Mama yake Lyle sijaweza kumwambia. Kila Jumapili kanisani alikuwa akikaa benchi la mbele yangu, naona shingo yake.

Wewe una mdomo. Mwambie."

Hapo ndipo alipofika. Mwanangu, katika miaka yote hii sikuwa nalijua hili la saa saba. Siku ile alikuja akala nyama ya nguruwe na viazi, akasifu mchuzi. Nakumbuka kwa sababu hakuwa na tabia ya kusifu.

Mama yako


Harker
9 Aprili 1970

Binti nisiyekujua,

Mume wangu Wendell alifariki juzi asubuhi. Alikuwa akitazama dirishani, nami nilikuwa nikimnyoa ndevu. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja. Nikamalizia na wa pili.

Nakuandikia wewe kwa sababu sijui Ardith yuko wapi, nawe labda unajua. Usishtuke. Nilijua tangu barua ya kwanza. Taipu siyo iliyokuumbua. Ni pale ulipouliza ninafanyaje mkate wangu. Ardith hajawahi kumuuliza mtu jambo linafanywaje. Alijifunza baiskeli kwa kuanguka, na nikimwendea na kitambaa cha kumfuta damu ananiambia niondoke. Mtoto aliyeniandikia alikuwa ananihitaji. Wangu hajawahi kukiri hivyo, hata kama ni kweli.

Nilikaa na jambo hilo jikoni kwa muda, barua mkononi, na Wendell ananiita kutoka chumbani, "Soma. Soma tena." Nikainuka nikasoma. Kwa hiyo kama umetenda dhambi, tulikuwa wawili.

Ile ya kuomba radhi ndiyo iliyonipa taabu. Nilijua siyo ya Ardith, na nilijua kwamba nikiisoma nitakuwa nimemwinamisha mwanangu mahali ambapo yeye mwenyewe hakutaka kuinama. Niliificha siku mbili kwenye kopo la unga. Siku ya tatu Wendell hakuweza kumeza uji. Nikaitoa.

Sijui kama na yeye alijua. Ile "sikuuzoea upole wako" nimeifikiria sana. Hakuwa mjinga.

Wewe ni nani? Mama yako yuko wapi? Na huo mluzi ulioutaja ni wa nani? Wendell hakuwahi kupiga mluzi maishani mwake.

Nitafutie Ardith.

Irma Thorsby


Ojo Seco
20 Aprili 1970

Mama Irma,

Nimeandika kwa mkono. Samahani kwa mwandiko, na kwa kila kitu.

Naitwa Roslyn Kessler. Natoka New Jersey, baba yangu ni daktari wa meno. Mluzi ni wake. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilipata mimba, na mama yangu akanipeleka kwenye nyumba wanakowaficha wasichana kama mimi. Majirani waliambiwa nimekwenda kumuuguza shangazi. Mtoto alikuwa wa kike. Nilikaa naye siku tano, siku ya sita nikaamka kitanda chake kitupu. Nyumbani nilirudi nikakuta gauni jipya limetandikwa kitandani kwa ajili ya dansi ya shule, kana kwamba hakuna lililotokea. Mama aliniambia, "Tusilitaje tena." Nilikaa miaka miwili hatujalitaja, kisha nikaondoka.

Watu wakituona tumeacha nywele, tunalala chini na hatufungi ndoa, wanadhani tunatafuta starehe. Wengine ndiyo. Mimi nilikuwa natafuta mahali ambapo mtoto hawezi kuchukuliwa kwa sababu ya majirani. Barua yako ya kwanza ilipokuja, "Una koti?", niliisoma nikajifanya mara moja tu kwamba ni yangu. Nikazoea.

Nilimwambia Ardith kila nilichofanya, kwa barua, lakini hakujibu. Sasa nimejua kwa nini. Rafiki yetu amepita hapa akitoka Oakland, anasema Ardith alikamatwa tarehe mbili Februari alipokaa mbele ya mabasi, akahukumiwa siku tisini. Barua zangu zote zimemlalia chini ya mlango wa chumba chake. Atatoka mwanzoni mwa Mei. Hajui lolote, Mama. Hajui kama baba yake amefariki.

Barua ya Mzee Thorsby sikuwasomea watu. Nimeituma kwake, pamoja na hii yako ya mwisho, ili azikute zote pamoja.

Pole sana. Nasema pole nikijua sina haki ya kufiwa, lakini nimefiwa.

Roslyn


Harker
17 Mei 1970

Roslyn,

Nimefika nyumbani tarehe sita. Nilitoka jela, nikakuta barua tano mlangoni, nikazipanga kwa tarehe nikasoma nimekaa sakafuni, na nilipofika ya mwisho nikaenda kupanda basi. Siku mbili njiani sikula.

Nataka uelewe kwamba nilikuchukia. Kutoka San Francisco mpaka Nevada yote nilikuwa nikikutukana moyoni. Uliniombea radhi kwa kosa ambalo sikulifanya. Jambo moja tu nililokuwa nalo duniani ni kwamba nilisimama ukumbini nikasema kweli, na wewe ukaligeuza kuwa utovu wa adabu wa mtoto. Kisha nikawa najiuliza: bila barua yako, angesema? Nilimuuliza mama usiku niliofika. Alikuwa akimenya viazi, nywele zimemwagika mabegani, karibu nisimtambue. Akasema, "Nimelala na baba yako miaka thelathini na mbili, na sijui."

"Lakini wewe unaonaje?"

"Naona alikuwa anangoja mtu aanze. Kama wewe tu."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili.

Siku ya pili nilikwenda kwa Mama Lyle na ile barua ya baba. Alikuwa kwenye banda la kuku. Nikamwambia, "Nimetumwa." Akajifuta mikono, akakaa kwenye ndoo iliyoinamishwa, nikamsomea nimesimama. Pale pa saa saba aliniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Yaani njaa." Nikasema, "Ndiyo, njaa." Kuku walikuwa wanamdonoa kamba za viatu. Mwisho akasema, "Miaka miwili nimekuwa nikidhani Lyle aliandika ombi vibaya. Alikuwa na mwandiko mbaya. Nilikuwa nikimlaumu mtoto wangu kwa mwandiko." Akanyoosha mkono nikampa barua, akaikunja ndogo sana akaiweka kifuani. Sikumwomba airudishe. Ni yake.

Alhamisi kamati ilikaa. Kuna kijana wa familia ya Haugen ameomba abaki. Mama Lyle aliendesha gari mwenyewe, mimi na mama tukakaa nyuma, tukaingia watatu bila kualikwa, mama na nywele zake hivyo hivyo. Mama Lyle akasoma barua ya baba mbele yao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei sokoni. Hakuna aliyenyanyua uso. Yule aliyekaa kiti cha baba akasema watalitazama ombi upya mwezi ujao. Sijui watafanya nini. Lakini hakuna aliyetoka kwenda kula.

Sijakusamehe, Roslyn, nisikudanganye. Wala siwezi kusema ni heri ungeacha. Kama ungenitii, ningekuwa na hoja yangu nzima na kaburi ambalo halijaniambia kitu. Mama anasema chumba changu kina vitanda viwili, na anakutaka hapa kabla ya mavuno. Mimi nasema njoo, tugombane ana kwa ana.

Barua zako amezihifadhi mezani kwa baba. Nimezisoma. Nimesoma barua zote nilizomwandikia baba yangu. Ile ya radhi nilikwenda nayo makaburini jana mchana. Kulikuwa na upepo, nyasi bado hazijaota juu yake. Nilitaka kuisahihisha mbele yake, niondoe yaliyo yako na niache yaliyo yangu, na nilipofika mwisho nikaona kilichobaki ni kidogo sana. Nikamwambia hicho hicho.

Nilisema, "Sikukukosea, Baba. Nimekukosa."

Ardith